Milingoti ya Kipande Kimoja

Zaina mama, binti yangu,

Habari za blanketi, za vidonge vya malaria, na za kutolala usingizi mzito ndani ya bato, hiyo meli ya mtoni, huku mizigo iko wazi, shangazi yako Asha atakuambia kesho bandarini, tena atarudia mara tano. Nimemwachia hayo yote. Anayajua kuliko mimi, na anayapenda.

Mimi nina langu. Niko karakanani, nimekaa kwenye benchi ya kurandia, mvua inapiga bati. Wewe uko barazani unasukwa nywele na rafiki zako, nasikia mnavyocheka. Nakuandikia Kiswahili cha barua, kile alichonifundisha mwalimu wangu wa chuo kwa fimbo, maana hiki chetu cha njiani kikiingia kwenye karatasi kinanitoroka huku na huku kama kuku, na jambo hili nataka likae mahali pamoja. Mpango wangu ulikuwa nikupe bahasha hii kesho, mguu wako mmoja ukiwa ndani ya bato, nikuambie uifungue mkishapita Yanonge. Bon, tutaona. Acha niandike kwanza.

Unakwenda Kinshasa kuishi kwa tantine Mariamu, mke wa tonton Ramazani, kaka wa marehemu mama yako. Miaka sita sasa anamngojea mumewe. Unajua anavyongoja: kila Idi anafua kanzu ya tonton, anaianika, anaipiga pasi, anairudisha sandukuni. Wanaume wawili wa heshima wamemposa, akawajibu kwamba yeye ni mke wa mtu. Hajakaa eda, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mumewe amekufa. Vita vilipotulia aliniandikia kuuliza jambo moja tu, kama mumewe alipita kwangu siku zile za waasi. Nilimjibu hakupita. Mama yako aliniuliza hivyo hivyo, nikamjibu hivyo hivyo, na ameingia kaburini na jibu hilo.

Alipita, Zaina. Alikuja hapa nyumbani, mchana, akasimama kwenye mlango huu ninaoutazama sasa. Kwa nini hakukaa, hilo ndilo barua yenyewe, na siwezi kulisema bila kuanza na ile meli ya mfano niliyoichonga.

Wewe uliikuta meli imeshaanza kuchongwa, kwa hiyo ulidhani kila nyumba ina meli. Aliileta mzee mmoja wa Kibelgiji, fundi wa mashine za bato, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Ndevu. Alikuja na karatasi kubwa ya bluu yenye mchoro wa meli ya matanga, milingoti mitatu, meli ambayo babu yake alisafiri nayo akiwa kijana. Alitaka ichongwe kwa mbao za kwetu, urefu wa mtu mzima akinyoosha mikono yote miwili. Ndani yake alitaka kila kitu: chumba cha kapteni na kitanda chake, vitanda sita vya mabaharia, meza ya kulia, viti, kabati lenye droo zinazofunguka, rafu ya vitabu. Nilimwuliza nani ataviona vitu vya ndani sitaha ikishafunikwa. Akaniambia hakuna atakayeviona, lakini yeye atajua viko.

Jibu hilo lilinishika. Mafundi wengine wangecheka. Mimi nilifundishwa na baba yangu kulainisha mgongo wa kabati, upande unaoelekea ukuta, na nikapigwa makofi kwa kuuacha na makovu ya msumeno. Nikasema moyoni, huyu mzungu tumesoma chuo kimoja.

Usidhani tulikuwa marafiki. Miaka mitatu alikuja kila Jumamosi, akakaa kwenye kiti changu, na mimi nikasimama. Kwake, siku nilipopeleka kipande cha kuonyesha, nilikaa kwenye ngazi za baraza. Hakuwahi kujua jina la mama yako, ambaye ndiye aliyeshona matanga yale, kumi na tano, kwa kitambaa cha marekani alichokuwa amekiweka kwa ajili ya shuka za kitanda chake mwenyewe. Mama yako alilalamika kila siku na akashona kila siku. Wewe ulikuwa ukimtungia uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yako yalikuwa mazuri.

Na kuna siku ya kile kiti, sijui kama unaikumbuka. Mimi naikumbuka. Ulichukua kiti kidogo cha kapteni, ukamkalisha juu yake yule mtoto wako wa gunzi la hindi. Nilikipokonya, nikakupigia kelele hadi majirani wakachungulia. Ulikuwa na miaka saba. Ulilia ukisema mtoto wako amechoka kusimama. Mama yako aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nimeanza kuwa mgonjwa, nikamwambia yeye hajui kazi.

Uhuru ulipokuja na mambo yakachafuka, Bwana Ndevu alipita hapa akiwa njiani kwenda Simi-Simi kupanda ndege. Hakuzima hata gari. Aliniambia, "Maliza. Nitarudi." Basi. Akaniachia karatasi ya bluu, na meli isiyokuwa na milingoti. Mama yako alisimama pale akiangalia vumbi la gari, akaniuliza, "Mzungu iko naenda. Sasa hii masuwa iko ya nani?"

Nilimwambia meli ni ya yule atakayeimaliza. Hapo ndipo ilipokuwa yangu, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Sisi familia yetu, unajua, tumekulia kwenye hadithi za wazee waliotoka pwani na misafara. Baba yangu aliapa kwa bahari, na hakuwahi kuiona. Mimi pia sijaiona hadi leo. Nilipokuwa nikichonga ile meli nilijiona nimefika mahali ambapo wazee wangu walikuwa wakijisifia bure. Mtu akinikuta kazini nilitanua kifua kidogo ili anione.

Sasa nifike kwenye milingoti, na usome polepole.

Kwenye karatasi kila mlingoti umechorwa vipande vitatu, kimoja juu ya kingine, vimefungwa pamoja. Niliangalia nikacheka. Nikasema, maskini Wazungu, miti yao mifupi, inabidi waungeunge. Wewe umezaliwa mtoni, unajua mwenye mtumbwi akionekana na upondo uliounganishwa atachekwa kutoka hapa hadi Isangi. Upondo ni mti mmoja, mnyoofu, usio na kovu. Nilitafuta mbao ya mti wa lifaki yenye nyuzi zilizonyooka, nikachonga milingoti mitatu, kila mmoja kipande kimoja toka chini hadi ncha, nikaizamisha hadi kwenye uti wa meli, nikaitia gundi. Haitoki. Ukitaka kuitoa, lazima uikate.

Tonton Ramazani alikuwapo siku hiyo. Alikuwa karani, unajua, mtu wa kalamu, na alipenda kuja hapa jioni akivuliwa tai na joto, akikufundisha kuandika kwa chaki kwenye mabaki ya mbao zangu. Herufi zako za kwanza uliziandika kwenye mbao za kambala, na mkono wake juu ya mkono wako. Aliitazama karatasi ya bluu, akaona maneno ya Kifaransa chini pembeni, maandishi madogo. Akaniambia, shemeji, leta nikusomee, kuna maelezo hapa juu ya milingoti. Nilimnyang'anya karatasi. Nikamwambia fundi anasoma mistari, maneno ni ya makarani. Hakukasirika. Aliinama akachungulia ndani ya meli kabla sijafunika sitaha, akahesabu vitanda, vilikuwa sita na cha kapteni cha saba, akanitania: "Shemeji, kitanda iko mingi hivi, na wenye kulala beko wapi?"

Tulicheka sote. Mama yako alicheka hadi akaweka sindano chini.

Halafu waasi wakaingia mjini. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mengine uliyaona mwenyewe na sitaki kukurudisha huko. Unakumbuka walivyowatafuta wenye elimu, wenye tai, wenye karatasi za ofisi, na yeyote mwenye vitu vya wazungu. Mama yako aliniambia niichome meli. Nilikataa. Nilitengeneza jukwaa la mbao darini, katikati, pale paa linapoinuka, maana kwingine dari yetu ni mikeka tu na haibebi kitu. Tonton mwenyewe alinisaidia kuipandisha. Yeye juu, mimi chini, tukiisukuma taratibu kama mgonjwa. Milingoti ilisimama ikagusa kenchi za paa kwa upana wa kidole. Nilifurahi ilivyoenea. Nilimwambia, ona, kama ilipimiwa.

Kama wiki tatu baadaye mama yako alikuwa amekuchukueni watoto kwenda shambani kutafuta sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa peke yangu, jua la saa sita. Ramazani aliingia bila viatu, suruali ya kibarua, mikono ameipaka makaa. Nilishangaa makaa ni ya nini. Alikuwa ameficha madoa ya wino kwenye vidole. Tantine Mariamu alikuwa Kinshasa tangu kabla ya vita, alikwenda kujifungua kwa mama yake, na mtoto hakupona; mambo hayo Ramazani aliyapata kwa barua moja tu kabla njia hazijafungwa. Alikuwa hana mtu mjini isipokuwa sisi.

Aliniambia, "Shemeji, uniweke kule juu. Siku mbili, tatu. Beko natafuta batu ya biro, makarani wote, nyumba kwa nyumba."

Niliinua macho nikaangalia dari. Na nikapima, Zaina. Hilo ndilo nililofanya. Mtu anaomba uhai wake na mimi napima. Jukwaa ni moja. Meli imeshika katikati ya jukwaa. Kuisogeza pembeni, paa linashuka, milingoti inagonga. Kuilaza, milingoti inavunjika. Kuishusha chini, wataiona, basi lazima ivunjwe iwe kuni. Kila nilikogeuka nilikuta msumeno. Msumeno wenyewe ulikuwa umening'inia ukutani, nyuma ya bega lake, nayakumbuka meno yake.

Nikamwambia, "Nafasi haiko, shemeji."

Alitazama juu. Alijua kilichoko kule, mikono yake ndiyo iliyokipandisha. Alinitazama mimi. Nilingoja anitukane, au aniombe tena, na nakuapia, angeomba mara ya pili ningechukua msumeno. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Hakuomba. Aliomba maji. Nikampa kwenye kikombe cha bati, akanywa yote, akakirudisha kwa mikono miwili. Akasema, "Bon. Nimesikia. Zaina asiache kuandika." Akatoka kwa nyuma kwenda gatini, atafute mtumbwi wa kuvuka hadi Lubunga, ng'ambo ya mto.

Mliporudi na sombe kichwani, mama yako aliniuliza kama kuna mtu amepita. Nikasema hakuna. Nilikuwa na sababu nzuri: nikimwambia, atatoka mbio kumtafuta kaka yake na atakamatwa naye. Sababu ilikuwa nzuri kweli. Nimeona tangu siku hiyo kwamba uongo unaoanza na sababu nzuri ndio mgumu kuutoa, kwa sababu kila siku unaikuta ile sababu imekaa pale, inakutazama, na imevaa vizuri.

Kesho yake alikuja mvushaji mmoja, mtu wa mto, ambaye sasa amehamia Ubundu. Alisimama hapa hapa, hakutaka kukaa. Aliniambia walimkamata Ramazani gatini. Wakamwambia anawe mikono. Makaa yakatoka, wino ukabaki. Kabla hawajamfikia alikuwa amemtupia mvushaji kofia yake, ile nyeupe aliyodariziwa na Mariamu kwa mkono wake kwa ajili ya harusi, akamwambia ampelekee shemeji. Mvushaji aliyaona yote kwa macho yake hadi mwisho. Mwili ulichukuliwa na mto. Sitakuandikia zaidi ya hapo, lakini hakuna shaka, Zaina. Hakuna shaka hata kidogo.

Kofia niliificha ndani ya meli. Nilifungua kifuniko cha sitaha, nikaikunja, nikaiweka katika chumba cha kapteni, juu ya kitanda. Ilijaa chumba kizima.

Siku mbili baadaye waasi walipita kwetu, unakumbuka, walichukua jogoo na redio. Walikaa muda mrefu kuliko tulivyotaka. Na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuangalia juu.

Miaka yote hii nimejitetea kwa woga. Nimesema, nilikuwa na mke na watoto wanne, wangemkuta wangetuua sote. Watu wengi walifunga milango siku zile na Mungu anajua sababu zao. Lakini mimi yangu si hiyo, na ndiyo maana sipati nafuu. Mtu mwenye woga haweki meli ya mzungu darini. Kama ningekuwa mwoga tu, ningeichoma mama yako aliponiambia, na jukwaa lingekuwa wazi. Sikumwogopa mwasi. Niliogopa kuona milingoti yangu imekatwa. Nilichonga vitanda saba kwa watu wasiokuwapo duniani, nikamwambia mtu aliye hai kwamba nafasi haiko.

Askari wakashuka Simi-Simi kutoka angani, mji ukarudishwa, risasi zikaja tena baadaye na askari wa kukodiwa, bati letu likatobolewa mahali kumi na moja. Meli haikupata hata mkwaruzo. Bwana Ndevu hakurudi. Nilikuwa nikimngojea, unaweza kuamini? Nilitaka aje aione.

Mwaka juzi ulikuja kutoka shuleni na Kifaransa chako, ukaikuta karatasi ya bluu ndani ya sanduku la vifaa, ukaanza kunisomea yale maandishi madogo ya pembeni, ukijivuna kidogo, ulikuwa na haki ya kujivuna. Ulisoma kwamba vipande vya juu vya milingoti vinatolewa na kushushwa chini hali ya hewa ikiwa mbaya, ndiyo maana vimeungwa. Nilitoka nje nikakuacha na karatasi mkononi. Ulifikiri nimekuchukia kwa sababu umejua jambo nisilolijua. Ulimlilia mama yako. Sikuja kukuambia kitu, kama kawaida yangu.

Sikukuchukia, mama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya choo nashika ukuta. Kama ningefuata mchoro, vipande vya juu vingetoka kwa mkono mtupu, meli ingesukumwa pembeni chini ya paa, na mjomba wako angelala katikati, juu ya mbao nzuri. Na maneno hayo yeye mwenyewe alitaka kunisomea. Alikuwa ameyashika mkononi, nikamnyang'anya.

Mama yako alipozidiwa, mwaka jana, alisema mara nyingi kwamba Ramazani akirudi apewe chumba chake. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Nilikuwa na muda, Zaina, siku nne nzima. Nilisema ndiyo, atapewa.

Sina mawaidha ya kukupa juu ya haya. Unakwenda kujifunza uuguzi, utakutana na watu wanaoomba kitu mara moja tu halafu wanaomba maji. Wasikilize hiyo mara moja. Na mtu akitaka kukusomea maandishi madogo, hata kama ni mdogo wako, hata kama anaringa, mwachie karatasi. Nimeishi miaka hamsini na mitatu na hayo mawili ndiyo ninayoyajua kwa hakika, mengine yote ni mazoea.

Sasa lile ninalokuomba. Pamoja na barua hii kuna bahasha ya pili, ya tantine Mariamu, na kofia. Ndani yake nimeandika haya haya, mafupi zaidi, bila habari nyingi za meli. Nimemwandikia tarehe yenyewe aliyouawa mumewe, ili ahesabu. Nataka akae eda yake, amalize, na asomewe mumewe hitima kama mtu. Mpe siku ya kwanza ukifika, kabla hujala chakula chake. Ukishakula kwake huku una kofia ya mumewe ndani ya begi utakuwa umeingia mahali nilipo mimi, na kutoka ni kazi. Anaweza kukufukuza. Akikufukuza usimjibu, nenda kwa binamu yangu kule Barumbu, humo humo Kinshasa, shangazi yako Asha atakupa jina la barabara. Lakini sidhani kama atakufukuza. Atakachofanya juu yangu ni haki yake.

Nilipoanza kuandika nilisema utafungua hii mkishapita Yanonge. Nimebadili. Kukupa maneno haya mtoni ni kukutoa kwa mlango wa nyuma, na nimeshamtoa mtu kwa mlango huo. Mvua ikikatika, rafiki zako wakiondoka, nitakuletea mkononi. Utasoma hapa nyumbani. Ukikataa kubeba ile bahasha, utakataa mbele yangu, na nitaipeleka mwenyewe kwa bato linalofuata. Ukitaka kunitukana, nitakuwa hapa kwenye benchi. Sitakwenda msikitini hadi umemaliza.

Kile kiti cha kapteni nimekifunga ndani ya kitambaa, kati ya nguo zako, upande wa kushoto wa sanduku. Si zawadi. Kilikuwa chako tangu siku ile, nilichelewa tu kukirudisha.

Nimebakisha moja, na nimekuwa nikizunguka nisiliandike.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga kwa shangazi, nilimimina chai yangu nikaiweka hapa kwenye benchi. Nikachukua msumeno ukutani, nikapanda darini. Miaka sita nimejiambia kwamba hata kama ningetaka, kazi ile ingechukua muda, lifaki ni ngumu, wangetukuta katikati. Nikakata mlingoti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaisukuma meli pembeni, ikateleza yenyewe chini ya paa. Nikalala pale katikati, chali, miguu nimenyoosha. Ramazani alikuwa mwembamba kuliko mimi. Nafasi ilibaki kila upande.

Nikashuka, nikashika kikombe. Chai ilikuwa bado ya moto.

Papa yako